Sahihi Niliyoitia Jikoni

Naitwa Sekela. Nina miaka arobaini na sita, ni mjane na mama wa watoto watatu. Nalima ndizi na maharage huku Nkunga, wilaya ya Rungwe. Nimesoma hadi darasa la saba, na kusoma na kuandika najua vizuri tu. Nalisema hili mapema ili mtakapofika kwenye ujinga wangu msije mkanitetea kwamba maskini, hakujua kusoma. Nilijua!

Nawaandikia nikiwa bado na hasira. Kanisani wananiambia nisamehe. Nawajibu kwamba nimeanza, ila sijamaliza...

Kwanza niwaeleze jambo moja, maana bila hilo mkasa wangu hamtauelewa. Sisi Wanyakyusa tuna heshima ya mkwe. Mwanamke akiolewa, hamkaribii baba wa mumewe. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye huchepuka kwenye migomba hadi mzee apite. Jina lake halitamki kabisa. Kwa familia nyingi siku hizi mambo haya yamelegea, na mabinti wa Tukuyu mjini wanatucheka. Kwetu hayakulegea. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu siku hiyo sikuwahi kumtazama mkwe wangu usoni. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wa koti lake la kijivu.

Msidhani tulichukiana. Hata kidogo! Mwaka wa pili wa ndoa yangu alikuja kumwonyesha mume wangu Ambakisye shamba alilotupa. Mimi nilijibanza nyuma ya migomba, kama ilivyonipasa. Mzee akatembea mpaka wote, akageuza mgongo upande wangu, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Shamba hili ni la mwanangu na mke wake na watoto watakaowazaa. Mtu asije akawasumbua." Ambakisye alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, hakuhitaji kupigiwa kelele. Maneno yale yalikuwa yangu, na mimi na yeye tulilijua hilo.

Mama mkwe alishafariki kabla sijaolewa. Kwa hiyo maneno yote kati yangu na mzee yalipita kwa mume wangu, au kwa dada yake mdogo, Tusekile.

Huyo Tusekile, wifi yangu... Nisimame kidogo hapa. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne nilipoingia ukweni. Nilimsuka nywele, nilimfundisha kupika mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa, na alipopata mchumba ni mimi niliyemwombea kwa kaka yake akakubali. Alipohamia Bulyaga na kufungua duka la vitenge, kila soko lazima nipite kwake kunywa chai. Nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja kule Isongole.

Ambakisye aliugua tumbo. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, tukampeleka tena, na mara ya pili tulirudi na jeneza. Siku za msiba Tusekile hakuondoka pembeni yangu. Alinilisha uji kwa kijiko. Alilia hadi sauti ikakauka, na hata leo naamini yale machozi yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Baada ya matanga, ukoo uliitisha kikao cha mirathi. Wazee walikaa sebuleni, na mkwe wangu alikuwa humo. Mimi ningekaaje humo? Nikakaa jikoni, kwenye jengo la nyuma, nikakoka moto na kupika chai ya wazee. Wasomaji, kikao kilikuwa cha kuamua maisha yangu na ya watoto wangu, na mimi nilikuwa napuliza kuni! Hakuna aliyenifukuza. Niliona ndivyo inavyopaswa, na wazee nao waliona hivyo.

Tusekile ndiye aliyekuwa akienda na kurudi. Alinijia akasema, "Wifi, tulia. Wamenichagua mimi niwe msimamizi wa mirathi, nikulindie shamba wewe na watoto. Baba mwenyewe amependekeza." Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia awashukuru wazee, na amshukuru sana baba.

Akarudi sebuleni. Alichokisema huko nilikuja kukijua karibu miaka miwili baadaye... Aliwaambia kwamba Sekela hataki tena kukaa Nkunga. Sekela anarudi kwao Isongole, na shamba analirudisha kwenye ukoo. Katibu wa kikao akaandika hivyo kwenye muhtasari. Hakughushi kitu, jamani. Aliandika alichoambiwa kwamba ndilo neno la mjane.

Kisha Tusekile akaja jikoni na karatasi moja, ile ya majina ya waliohudhuria. Nikalitafuta jina langu, nikaliona, namba saba. Nikaisoma karatasi yote, juu hadi chini, ilikuwa majina matupu. Nikafuta masizi kwenye kanga, nikatia sahihi. Sikuuliza zile karatasi za mbele yake zimesema nini. Niulize kwa nani? Aliyezishika alikuwa Tusekile!

Kwa muhtasari ule Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Nasikia tangazo lilibandikwa ubaoni kabla ya uteuzi, kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Nani alikuwa na pingamizi? Mimi nilikuwa napalilia maharage.

Miezi ikapita. Siku moja Tusekile alikuja na uso mzito, akanishika mikono. Akasema baba amebadilika. Baba anasema mimi bado nina nguvu, nitaolewa, na mume mgeni atakuja kulala kwenye ardhi ya mwanawe. Baba anataka nitafute pa kwenda. "Nimemsihi, wifi, nimepiga magoti, hasikii," akaniambia, huku machozi yakimtoka.

Nililia kwa ajili ya yale maneno ya kwenye migomba. Nikajiuliza, kumbe mzee alikuwa anapigia kelele hewa? Mtasema, si ungemtuma mtu mwingine akamuulize? Nimtume nani? Mwanangu mkubwa yuko Dar anabeba zege, na wadogo wako shule. Habari za ardhi hatumwi mtoto. Na kwenda kumuuliza mwenyewe... wasomaji, ingekuwa rahisi kwangu kuvua nguo sokoni.

Sikuondoka. Nikanyamaza, nikaendelea kulima, nikidhani mzee atalegea.

Asubuhi moja nilisikia mapanga. Nikatoka, nikakuta vijana sita wanafyeka migomba yangu! Mwenye kuwasimamia, mfanyabiashara wa parachichi, hakuwa mkali. Alinisalimia vizuri, akanionyesha karatasi za mauziano zenye mhuri na jina la msimamizi wa mirathi. Aliambiwa mjane alishaondoka. Alishangaa kunikuta nimefunga kanga nina jembe.

Kwa mtendaji wa kijiji nikaonyeshwa ule muhtasari, na mwisho wake sahihi yangu, namba saba, na alama ndogo ya masizi pembeni. Ndipo niliposoma karatasi za mbele kwa mara ya kwanza. Nikakaa chini pale pale ofisini.

Na bado, mtanicheka, bado sikumshuku Tusekile vilivyo! Alinipokea dukani kwake, akafunga mlango, akasema yote ni agizo la baba, yeye ametumwa tu na hawezi kumpinga mzazi. Karatasi waliandika wazee, yeye hakuzisoma. Nikamwamini, au niseme nilitaka kumwamini. Nilipotaja mahakama alitikisa kichwa kwa huruma. Akasema mahakamani ni pa wenye mawakili, kwamba mtu kama mimi nitaaibishwa bure. "Na utasimama vipi mbele ya baba, wifi? Utaweza?"

Nikaenda kuulizia wakili mjini. Alinisikiliza kwa adabu, akanitajia ada yake, nikamshukuru nikatoka. Mzee mmoja anayeandikia watu barua karibu na stendi akaniandikia maombi ya kutengua uteuzi wa Tusekile. Nikayapeleka mwenyewe. Nilijiona shujaa.

Siku ya shauri nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimeyakariri maneno yangu. Kabla hatujaitwa nikasikia kile kikohozi... Tusekile alikuwa anapanda ngazi, na nyuma yake koti la kijivu. Alikuwa amemleta baba yake kuwa shahidi!

Sikufikiri. Mwili ulinyanyuka wenyewe kama ulivyozoea kwa miaka ile yote. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikasimama kwenye ua wa michongoma nikisubiri mzee apite. Jina langu liliitwa. Nililisikia, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mlango ule mmoja, na yeye ndani... Nilishindwa. Nilipopata nguvu ya kuingia, karani aliniambia shauri langu limefutwa kwa kutohudhuria.

Nilikuwa mita kumi kutoka kwa hakimu!

Tusekile alijua. Alijua nitakimbia. Hilo ndilo lililonifungua macho nusu, maana aliponipita nje hakuniangalia. Mtu aliyenilisha uji kwa kijiko.

Nyumba nayo ikachukuliwa pamoja na shamba, nikapanga chumba Bulyaga, nikawa napika ndizi na kuuza barabarani. Jirani yangu alikuwa Bi Rehema, mwanamke wa makamo, fundi cherehani. Juu ya mlango wake kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba hapa kuna msaidizi wa kisheria, huduma bila malipo. Wasomaji wenzangu, kibao kile kilikuwepo miaka yote niliyopita pale kwenda kunywa chai kwa Tusekile. Nilikuwa nakiona. Nilidhani ni cha watu wenye kesi, na mimi sikujiona mtu mwenye kesi.

Bi Rehema hakuwa wakili, na aliniambia hivyo tangu mwanzo. Alipewa mafunzo, akaandikishwa, anasaidia watu wasio na uwezo. Hawezi kunisemea mahakamani ila anaweza kunielekeza nijisemee. Nikamweleza yote huku anapiga cherehani. Nilipofika kwenye kukimbilia nyuma ya jengo nilitegemea atacheka. Alisimamisha cherehani.

"Mama, shauri lililofutwa kwa kutohudhuria linaweza kurejeshwa," akasema. "Ila uombe haraka, na utoe sababu."

Nikamwambia sababu yangu ni ya aibu, haiandikiki.

"Inaandikika. Tutaandika hivyo hivyo ilivyo." Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniuliza. "Huyo mkwe wako, wewe mwenyewe ulimsikia akisema uondoke?"

"Siongei naye."

"Najua. Nakuuliza, nani alikuambia kwamba amesema?"

"Tusekile," nikasema. Kila neno baya nililowahi kulipata kutoka kwa mzee lilikuwa limepita mdomo mmoja. Na kila neno alilolipata yeye kutoka kwangu, je? Lilipita wapi? Nililia pale juu ya vitambaa vya watu hadi Bi Rehema akaniondolea gauni la bibi harusi nisije nikalichafua.

Aliniandikia maombi, akanisomea mstari kwa mstari, akakataa nisaini hadi nimesoma mwenyewe kurasa zote kwa sauti. Maombi yalikubaliwa. Bi Rehema alimweleza karani suala la heshima ya mkwe, na hakimu, ambaye alikuwa mtu wa makamo mwenye busara, akaruhusu kiti cha mzee kielekezwe dirishani ili nisimwone uso. Siku ile Bi Rehema alikaa benchi la nyuma. Safari hii sikukimbia.

Hakimu akaniuliza nani alitupa shamba. Nikajibu ni mkwe wangu.

"Mkwe wako ana jina," akasema. "Mahakama inaandika majina."

Wanawake wawili wa makwetu waliokuja na kesi zao waliinamisha vichwa. Tusekile alinitazama, na niliona wazi kwamba anangoja nikimbie tena... Miaka yote ile, hata maneno yanayofanana na jina lile nilikuwa nayakwepa. Nikafikiria watoto wangu. Nikafikiria zile karatasi nilizoshindwa kuziuliza.

"Angolwisye," nikasema. "Anaitwa Angolwisye. Alisema shamba ni la mwanawe na mke wake na watoto wao, na mimi nilikuwa nyuma ya migomba, nikasikia."

Kiti cha dirishani kikalia. Mzee alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake, na uso ule ulikuwa wa Ambakisye, ila umezeeka. Hakunikemea. Aliomba ruhusa kwa hakimu, akaniuliza mimi moja kwa moja: "Mkamwana, kwa nini basi ulisema hutaki kukaa kwetu? Tulikukosea nini?"

Nikamjibu sikusema. Nikamwambia niliambiwa yeye ndiye aliyesema niondoke.

"Mma," akasema. Hapana. "Mma, mma, mma." Akamgeukia binti yake. Alimtazama tu, na Tusekile akaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake cha kichwa.

Uteuzi wake ulitenguliwa, na sasa msimamizi wa mirathi ni mimi. Nisiwadanganye kwamba yote yalirudi. Nyumba na sehemu ya juu ya shamba nimerudishiwa. Sehemu ya chini, ambayo yule bwana ameshapanda parachichi, bado tuko nayo kwenye baraza la ardhi la wilaya, na yeye pia analia kwamba aliuziwa kwa uongo. Bi Rehema bado ananiandalia karatasi, na bado ananisomesha kwa sauti kama mtoto wa shule.

Wiki niliyorudi Nkunga, mzee alikuja na machipukizi ya migomba kutoka shambani kwake ili nianze upya. Nilipomsikia anakohoa nikageuka nitafute pa kujibanza, kwa mazoea. Hapakuwa na pa kujibanza. Migomba yote ilishafyekwa. Tukabaki tumesimama, mimi na yeye, kwenye uwanja mtupu.

Akanisalimia, "Ugonile, mkamwana." Nikamwamkia. Akaniambia Tusekile alimweleza kwamba nangoja tu kuvuna ndipo niondoke, kwamba alikaa miaka miwili akidhani nimewachukia, na kwamba hakuna siku aliyoacha kujiuliza kosa lake. Nami nikamwambia vivyo hivyo. Tulipanda machipukizi manne pamoja, akachoka, akaenda zake.

Alirudi mara mbili tu baada ya hapo. Mvua zilipokolea kifua kilimzidi, akafariki. Nilizungumza na mkwe wangu mara nne maishani, wasomaji. Ardhi ninaidai barazani... lakini ile miaka miwili aliyokufa nayo moyoni nitaidai baraza gani?

Nawasihi, hasa ninyi wajane na ninyi mnaokaa jikoni wakati maisha yenu yanajadiliwa sebuleni. Heshimuni wakwe zenu, sijasema muache. Lakini kama huwezi kuingia, omba kikao kihamie uani, au kaa mlangoni umewapa mgongo, usikie kwa masikio yako. Usitie sahihi karatasi ya majina kabla hujasoma zilizotangulia, hata kama anayekuletea ulimsuka nywele. Na usisubiri hadi migomba ifyekwe ndipo uulize sheria. Uliza kwenye kata yako nani msaidizi wa kisheria. Huenda umekuwa ukipita chini ya kibao chake kila soko, kama mimi.

Jumapili iliyopita Tusekile alinipa mkono nje ya kanisa. Nilimpa wangu. Akasema ana maneno anataka kuniambia, yametoka kwa shangazi yake.

Nikamwambia shangazi aje mwenyewe.